Diwani Asiye na Ndugu

Nilitoka Igowole kwa basi, nikabadilisha gari Mafinga, nikashuka Igawa, na jioni nikaingia Ubaruku juu ya lori la magunia matupu. Nilikuwa nimekuja kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, msimu mmoja tu.

Msimu ulipoisha sikuondoka, na miaka michache baadaye wenyeji wakanichagua diwani. Wakulima na wafugaji walikuwa wakigombea maji, na mimi sikuwa na ndugu upande wowote. Nikinywa maziwa kwa wafugaji, ilinibidi siku hiyohiyo nile wali kwa wakulima, hata kama nimeshiba. Mwanzoni nilicheka tu.

Kisha nikataka kuoa binti wa mkulima mmoja. Mzee wa chama akanivuta pembeni.

"Mheshimiwa, ukioa huku, wa kule watasema umewahama. Subiri umalize kipindi."

"Na yeye asubiri?"

"Mwambie ni kazi ya wananchi."

Nilimwambia yule binti. Akaniuliza, "Hao wananchi ndio watakaonizalia watoto?"

Hata hivyo alisubiri, miaka minne. Mimi, niliyezoea kuhama kila nilipochoka, nikawa nasimama barabarani kutazama mabasi yanayokwenda Iringa. Kipindi kilipoisha, wazee wa pande zote mbili walinichukulia fomu ya kugombea tena, wakaniletea imeshajazwa, bado sahihi yangu tu.

Niliiacha mezani bila kusaini. Asubuhi ya siku ya mwisho ya kurudisha fomu, mimi na mchumba wangu tulipanda basi la Iringa. Simu ilianza kuita kabla hatujafika Igawa, nikaizima.