Koti la Baba Mkwe na Ndege ya Guangzhou

Jamani, hili naona aibu hata kulisimulia, ila kwa kuwa kijiji kizima cha Mwaya wanalijua, bora mlisikie kwangu kabla hamjaletewa lililotiwa chumvi.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, hasemi naye, wala hagusi nguo zake. Miaka sita nimeolewa, nikisikia tu kikohozi cha mzee napita nyuma ya migomba.

Sasa mzee alikwenda Guangzhou kule China kumtembelea shemeji yangu anayefanya biashara huko, na siku ya kurudi shemeji akatuma ujumbe mmoja tu, kwamba ndege inaondoka saa nane usiku. Mama mkwe akaniuliza atafika lini, na mimi mjuaji (simu yangu ndiyo pekee yenye bando pale nyumbani) nikatafuta: Guangzhou hadi Dar kilomita elfu nane na kitu, saa kumi na moja hivi angani. Nikahesabu kwa vidole nikapata saa saba mchana, ndege ya Mbeya itakuwa imeshaondoka, basi nikatangaza kwamba mzee analala Dar, huku ni kesho. Mama mkwe akamfungulia kamba kuku aliyekuwa achinjwe kumpokea mzee.

Kumbe saa nane ile ilikuwa ya China, na wenzetu wametutangulia kwa saa tano; mzee alitua Dar saa mbili asubuhi, akaiwahi ndege ya Mbeya.

Jioni, kwa uhuru ule, wifi zangu wakaniomba niwaigizie mzee anavyoingia kanisani. Mkubwa wao akaleta na koti lake jeusi, lile alilofungia ndoa. Nikalivaa (shetani gani yule sijui), nikatembea uwanjani tumbo mbele, nikikohoa kama yeye. Walicheka mpaka wakakaa chini, halafu nyuma yangu nikasikia kikohozi ambacho sikukikohoa mimi.

Nilikimbilia bandani, nikajitumbukiza kwenye sanduku la kuchachushia kakao na kujifunika majani ya migomba. Mle ndani kuna joto na harufu ya pombe iliyolala, na maji ya kakao yalinipenya mpaka mgongoni. Ningesalimika, ila mzee alikuwa na wiki tatu hajaiona kakao yake, akaja kuikagua hata kabla ya kuketi. Akainua jani, akaona mkono wa koti, akalirudisha jani taratibu.

Kusema nami hawezi, akamgeukia mkewe aliyemfuata bandani.

“Mama, hii kakao imevaa koti langu.”

Kisha akasema tena, kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo:

“Iambie ibaki nalo.”

Maana koti lililovaliwa na mkamwana yeye halivai tena. Nililia mle mle ndani. Siku hizi mzee anaenda kanisani na shati, na koti la ndoa yake liko kabatini kwangu likinuka kakao. Mtu akiniuliza ndege inafika saa ngapi simu siigusi, namwambia achinje kuku sasa hivi.