Mtu Anayegawa Zana Zake

Watu humwita Mama Mashine, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa ameendesha mashine ya kusaga nafaka, ya pekee katika vijiji vitatu. Ni mjane mwenye sauti kubwa, maana anayenong'ona kando ya injini ya dizeli huongea peke yake. Hapendi uvivu, hapendi umbea, na mahindi yenye mawe huyarudisha kwa mwenyewe bila kusita. Wenye makosa humwogopa. Wasio na makosa nao humwogopa kidogo, wasije wakajisahau.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wamepanga madebe yao kwenye foleni, na Kidomo, kinyozi asiyejua kunyamaza, amekalia gunia lake la mtama. Jirani wa fundi seremala akasema kwa furaha:

"Jamani, fundi kampa mume wangu randa. Bure! Hata asante hakuisubiri."

"Mimi kanipa msumeno," Kidomo akadakia. "Na kaka yangu kapata patasi zote. Yule mtu anakimbilia peponi. Sisi tutamkuta keshafika, anatushikia nafasi!"

Foleni nzima ikacheka. Mmoja akasema mtu mwema namna ile ni wa kuigwa.

Mama Mashine akazima injini. Mkanda ukazunguka, ukalegea, ukasimama.

"Dizeli imekwisha, mama?"

"Dizeli ipo. Akili zetu ndizo zimekwisha. Seremala akigawa randa, msumeno na patasi, kesho atafanya kazi kwa kucha?"

Mama Mashine hakuyasema hayo kwa werevu. Aliyasema kwa jeraha. Mdogo wake wa kiume alimletea baiskeli siku moja, akamwambia imtumikie. Yeye akamshukuru, akampikia, akaiendesha hadi shambani akiimba. Siku ya tatu walimzika, baada ya yeye kujitoa uhai. Kwa miaka mingi watu walilitaja jambo lile kwa kuzungukazunguka, kama wanaokwepa shimo njiani, naye akazunguka pamoja nao. Kisha muuguzi wa zahanati akawakusanya watu kwa siku mbili, akawafundisha kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo la kujiua; humfungulia mlango wa kusema. Mama Mashine alitoka pale amekasirika, hasa na nafsi yake, na hasira hiyo ameitunza vizuri.

"Kidomo," akasema, "nenda kwenye tangi la maji la shule, pale simu inaposhika. Mpigie muuguzi. Mwambie nipo kwa fundi na sitatoka mpaka afike. Na kwa mara moja maishani mwako, usimsimulie mtu njiani."

"Na unga wetu?" akauliza jirani.

"Mahindi hayafi."

Karakana ya fundi ilikuwa imefagiwa, na hilo lilimtisha kuliko yote. Hapakuwa na vumbi la mbao hata la kufunika unyayo. Ukutani misumari ya kutundikia zana ilikuwa mitupu. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa shati safi.

"Karibu, shemeji," akasema, kwa kuwa marehemu mkewe alikuwa binamu wa Mama Mashine. "Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Nitakuuliza swali, na tafadhali usinijibu kwa adabu. Unafikiria kujiua?"

Fundi akatazama mlango. "Shemeji! Neno gani hilo?"

"Neno halimng'ati mtu. Nijibu."

"Kila asubuhi," fundi akasema mwishowe. "Tangu mahindi yaanze kubeba."

Hapo Mama Mashine alifanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya: alifunga mdomo. Mahubiri alikuwa nayo tayari, ya Mungu, ya watoto, ya aibu, na yeye ni mhubiri hodari. Akayameza yote. Fundi akaeleza upweke tangu mkewe afariki, ukungu unaomwingia machoni, usingizi uliomkimbia. Aliona heri zana ziende kwa watu zikiwa bado na makali, kuliko yeye abaki kuwa mzigo.

"Mdogo wangu alinipa baiskeli, nikasema asante," Mama Mashine akamwambia. "Miaka kumi na miwili sasa. Mzigo ndio huo, shemeji, naubeba mpaka leo. Wewe si mzigo. Wewe unaumwa, na anayeumwa hutibiwa."

Akamuuliza kama kuna kitu mle ndani alichokiweka kwa ajili hiyo. Fundi akaonyesha kwa kidole. Mama Mashine akakichukua, akakifunga ndani ya khanga yake bila neno, akaondoka nacho jioni ile, na hakukirudisha.

Muuguzi alifika saa nane mchana kwa pikipiki, na fundi akamweleza yote kwa kinywa chake mwenyewe. Usiku ule mume wa jirani alilala kwake, na kesho yake wakaenda watatu hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Fundi akapewa dawa na siku za kuja kuzungumza zahanati. Jirani na Kidomo wakapangiwa zamu za kukaa naye, na Kidomo alionywa kwamba zamu ni ya kusikiliza.

Wale waliopokea zana Mama Mashine hakuwasaza. "Hamkuiba," aliwaambia, "lakini mlipokea bila kuuliza. Mtu akikupa mbegu, mshukuru. Akikupa jembe lake, muulize." Wengine walinung'unika kwamba ukarimu sasa umegeuzwa ugonjwa. Wanune. Maneno ya Mama Mashine yalikuwa ya haki, na aliyepaswa kuyasikia kwanza, yaani yeye mwenyewe, alikwisha kuyasikia.

Fundi hajapona kama mtu anayevua shati lililolowa. Asubuhi mbaya zipo. Walikubaliana kwamba asubuhi ya namna hiyo asiikabili peke yake. Juzi alitokea mlangoni pa mashine kabla foleni haijajaa.

"Shemeji, leo ni mbaya," akasema, kwa sauti ya kuishinda injini, mbele ya watu.

Mama Mashine akamtazama usoni, akamsogezea kigoda mahali anapoweza kumwona.

"Umekula?"

"Bado."

"Kaa hapo. Kidomo, pumzisha ulimi, ipe miguu kazi. Mletee mtu chai."

Fundi akakaa.