Kisu cha kukunja cha mzee wangu, na siku nilipogawa nyama vibaya mbele ya mjomba

Wakuu, salamu kutoka Embu. Niko site, mvua imesimamisha kazi, nikaona niwaandikie hii kabla simu izime. Picha sina, na chumvi sitaongeza. Vile ilitokea ndivyo nitaiandika.

Mzee wangu alituacha mwaka huu. Alikuwa mkulima wa miraa kule Mikinduri, mtu wa maneno machache. Mfukoni alikuwa na vitu vitatu tu: kitambaa, kitambulisho na kisu cha kukunja. Mpini wa mbao, blade imenolewa miaka mingi mpaka ikawa nyembamba kama jani la nyasi.

Hicho kisu kilitulea. Kilikata majani ya ndizi ya kufungia miraa, kikatutoa miiba miguuni, kikachonga penseli zetu za shule.

Nikiwa darasa la nne nilikichukua nikafungua redio ya nyumbani, nione sauti inapita wapi. Kuifunga ikanishinda. Mama akaanza kutafuta mwiko. Mzee akaketi kando yangu, akaokota vile vyuma kimoja kimoja, akaniuliza, "Uliona nini ndani?"

Tulikaa hapo tukiangalia waya mpaka ng'ombe wakaanza kulia hawajakamuliwa. Redio haikuongea tena. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Shule niliacha darasa la saba. Karo ilikuwepo, ni mimi nilichoka kuketi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa barabara: nimeuza maji Isiolo, nimechoma makaa upande wa Siakago, nimekuwa turnboy wa lori, sasa niko mjengo. Nikisikia kuna mahali sijafika, miguu inawasha.

Kakangu Murithi, firstborn, ndiye alibaki nyumbani kuangalia wazee na shamba. Nawaambia hivi mapema ili mtu asimwone mbaya.

Sasa, kwetu baada ya mazishi familia hukutana siku nyingine, mbuzi anachinjwa, na vitu vya marehemu vinapewa wenyewe. Fimbo na kiti cha miguu mitatu vikaenda kwa Murithi, hiyo haina mjadala. Nilijua kisu kinafuata njia hiyo hiyo.

Mama akakifungua kutoka kwa leso, akakiweka mkononi mwangu. "Baba yenu alisema hiki ni cha huyu."

Murithi akaweka kikombe chini. "Mama, huyu? Huyu atakisahau kwa lodging Isiolo. Hata mbwa wa hapa wanambwekea."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu mbwa walikuwa wamenibwekea kweli. Lakini ilinichoma.

Muelewe uzito wake, wakuu. Kwetu mwenye kisu cha mzee ndiye anayegawa nyama kila familia ikikutana. Lazima amjue kila mtu na kipande chake. Na mimi miaka mingi nimekula na watu ambao hata majina yao siyajui.

Baba mdogo ndiye alimaliza maneno. "Mbuzi ameiva. Agawe tuone. Akishindwa, kisu ni cha Murithi."

Nikaanza. Kichwa kwa wazee, figo kwa wasichana wadogo, mbavu kwa akina mama. Nilikuwa nakumbuka mikono ya mzee vile ilikuwa inaenda, yangu ikafuata. Nikapata moto, nikaanza kujiona boss. Nikampa baba mdogo bega zima la kulia.



Mjomba Njeru, kakake mama, ambaye alikuwa ametoka kwao Siakago, huko Mbeere, asubuhi, akachukua kofia yake kwa goti akaivaa.

"Basi sisi wa Mbeere turudi," akasema. "Hata huko kuna mbuzi."

Bega ni la mjomba. Kwetu mjomba ndiye anashika baraka za watoto wa dada yake. Akitoka kwenye boma bila kipande chake, hapo mmebaki na deni la maneno ambalo hakuna anayetaka. Wakati nilikuwa nachoma makaa kwao nimekunywa uji wake mara nyingi sana, lakini bega lake nilikuwa nimelisahau.

Nikabaki na kisu hewani. Nilijua kimeenda.

Murithi alihitaji kukaa kimya tu. Badala yake aliinama karibu na mimi kama mtu anayesukuma kuni, akanong'ona, "Chukua bega kwa baba mdogo. Lipeleke mwenyewe, mikono miwili. Usijitetee."

Baba mdogo hakuwa ameliuma bado, akaliachilia. Nikalipeleka.

Mjomba akalipokea. "Makaa unajua kuchoma. Nyama hujui kugawa."

"Ndio, mjomba."

Akavua kofia. "Leta hicho kisu nikuonyeshe kiungo kiko wapi. Ukilazimisha mfupa utaharibu kitu cha shemeji yangu."

Akanionyesha, mkono wake juu ya wangu. Nikagawa iliyobaki mpaka mtu wa mwisho, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa shangazi mmoja ambaye hulalamika hata harusini.

Baadaye tukiosha mikono nilimuuliza Murithi kwa nini hakuniacha nianguke.

Akajipangusa kwa suruali. "Mimi nilikuwa na mzee kila siku. Wewe ulikuwa na nini?"

Namshukuru mzee kwa kunipa kazi ambayo siwezi kuifanya nikiwa mbali. Namshukuru Murithi zaidi, kwa sababu mzee alinipa kisu lakini yeye ndiye aliniachia. Somo nililopata: ukiwa mtu wa kutembea, kuna mtu mahali amebaki ili wewe uweze kutembea. Mjue, na umwambie.

Foreman nimeshamwambia December sitakuwepo, familia inakutana na nyama ni mimi nagawa.

Wale mnaozurura kama mimi, wazee wenu waliwaachia nini? Na nyinyi mliobaki nyumbani, tuambieni ukweli, huwa mnatuonaje tukirudi? Nasoma zote, mvua bado iko.