Pigo la Nne

Mwaka ule kikundi chetu cha maigizo kilifanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa kule Lurambi. Mchezo ulihusu dada wawili wanaogombania kiti cha baba yao, na mwishoni wanapigana kwa panga. Mimi nilikuwa dada mkubwa. Mdogo aliigizwa na fundi wa nguo kutoka Malinya, ambaye alikuwa ameshashona nusu ya mavazi yetu.

Mwalimu wa mapigano alikuwa mama mfupi, mkali. Panga zilikuwa za alumini, hazina makali, lakini hakuturuhusu kuzishika wiki mbili nzima. Tulitumia fimbo. Kila pigo lilikuwa na namba, na kabla ya kulirusha ilibidi umtazame mwenzako machoni mpaka akubali kwa kichwa.

"Huku si kupigana," alituambia. "Huku ni kumtunza mwenzako."

Nilichoka kutunza. Mwenzangu alijifunza haraka kuliko mimi, na watu walianza kumsifu yeye.

Jumamosi moja, siku chache kabla ya onyesho, wanafunzi wa shule jirani walikuja kututazama. Pigo la kwanza wakashangilia. La pili, la tatu, ukumbi ukalipuka. Pigo la nne lilipaswa kwenda chini, kushoto. Nikalipeleka juu, kulia, kwa nguvu zangu zote, bila kumtazama. Upanga ukatua kwenye mkono wake. Niliusikia mfupa ukivunjika.

Mwalimu alikuja mbio. "Nani amebadilisha?"

Mwenzangu alikuwa amekaa sakafuni, ameukumbatia mkono wake. Akanitazama, akangoja. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Niliteleza, mwalimu," akasema.

Alipelekwa hospitali. Nafasi yake ikachukuliwa na msichana mwingine, pigano likafupishwa, na siku ya onyesho nilipigiwa makofi mpaka nikarudi jukwaani mara mbili. Niliyapokea yote.

Ulipita mwezi kabla sijaenda Malinya. Nilimkuta kwenye cherehani, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimenyooka, hakikunjiki. Alinikaribisha, akaniwekea chai. Aliniambia nguo za harusi hashonangi tena. Anapunguza suruali na kutia zipu.

"Dada," nikasema, "ni mimi niliyebadilisha lile pigo."

"Najua. Nilikuwa mbele yako."

"Nisamehe."

Alikata uzi kwa meno. "Nilikusamehe siku ileile. Lakini nilingoja useme kabla ya onyesho. Sasa umeshapigiwa makofi, unataka nikusaidie kulala?"

Nilimaliza chai, nikaaga.

Jumatatu nilimweleza mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niyarudie yale yale mbele ya kikundi kizima. Nikayasema. Tangu siku hiyo hajanipa upanga, na wapo wenzangu wawili wasiotaka kuigiza nami. Siwalaumu.

Tulimtumia fundi ujumbe arudi. Hata sehemu ya kusema tu, bila mapigano. Hakurudi. Tukikutana sokoni ananisalimia, "Mulembe, dada," anauliza hali ya mama yangu, anauliza kama mvua imefika kwetu. Habari za maigizo haulizi kamwe, nami sijapata ujasiri wa kuzianzisha.