Kofia na Wimbo wa Mfalme

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na klabu yao ya makasia ilikuwa imerudisha mashindano yake kule Liwatoni. Mkubwa wangu wa ofisi bandarini alinialika. Kiti cha karani mkuu kilikuwa wazi, na aliniambia bila kuficha kwamba siku hiyo angetazama kama najua kukaa na watu. Watu, maana yake wao.

Alinifundisha adabu zao kama amfunzaye mtoto kula. Koti la buluu, suruali nyeupe, tai. Mashua ikishinda, piga makofi polepole, usipige kelele. Usipite mbele ya mabibi walioketi. Na uje na kofia, kwa sababu wimbo wa Mfalme ukipigwa, kila mwanamume huvua. Nikajiuliza ni akili gani hii, kuvaa kitu ili upate kukivua.

Ningevua, potelea mbali. Lakini Ijumaa baba aliniambia kwamba yeye pia amealikwa, pamoja na wazee wengine wa mji. Kwetu Mji wa Kale, mwanamume kusimama kichwa wazi mbele ya babake, hadharani, ni kumvunjia heshima. Baba mwenyewe sikuwahi kumwona barazani bila kofia, hata akiwa na homa.

Siku yenyewe aliketi kando yangu, kanzu imepigwa pasi, joho begani, kichwani kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono. Makasia yalipanda na kushuka, Wazungu wakapiga makofi yao ya uvivu, nami sikujua hata ni mashua gani iliyoshinda. Nilikuwa nikiwatazama wapiga tarumbeta tu. Jasho lilinilowesha shingo chini ya tai.

Mashindano yalipokwisha, tarumbeta zikainuliwa. Sote tukasimama. Mbele yetu kofia zikavuliwa safu nzima. Mkono wangu ulifika sikioni ukakwama. Mkubwa wangu aligeuka, akanitazama mimi, akamtazama baba, akanirudia mimi. Nilimchukia. Nilijichukia pia, kwa kuwa bado nilikitaka kile kiti.

Ndipo baba akavua yake. Akaishika kifuani kwa mikono miwili, kipara chake kiking'aa juani mbele ya kadamnasi, na wazee wenzake wakainamisha macho wasimwone.

"Vua nawe, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi nishavua."

Nikavua. Sikuwahi kusikia wimbo mrefu kama ule.

Baadaye mkubwa wangu alikuja kunipa mkono, akasema kiti ni changu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma. Tulipofika mlangoni alisimama, akaishika kofia yake kuhakikisha imekaa sawa.

"Mamako asijue," akasema, kisha akapiga hodi.