Kikao Kilichosubiri Jeneza

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ni siku tuliyomzika mume wangu, Baba Kulwa, kijijini kwao, si mbali na Isaka. Jeneza lilikuwa bado uani. Mdogo wa baba mkwe akasimama, kama ilivyo desturi yetu kabla ya kwenda kaburini, akauliza, "Kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze."

Kwa kawaida husimama mtu mmoja au wawili. Siku ile walisimama wengi mpaka wanawake wakaacha kulia wakageuka kutazama. Nami nikawatazama. Wote nilikuwa nawajua. Wote nilikuwa nimewadanganya mlangoni kwangu.

Tulikuwa vijana, tunakaa mtaa wa Ngokolo, hapa mjini, katika nyumba tuliyoijenga kwa pamba yake na dagaa wangu. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, walikuwa ndiyo kwanza wanaanza shule. Mume wangu akaenda machimboni Runzewe, akapata duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Duara lina tumbo, mwanangu. Linataka matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisianguke. Linataka pampu ya maji, na wachimbaji wanataka ugali. Kila alipokuja nyumbani alisema mwamba wa dhahabu umekaribia. "Mama Kulwa, safari hii tumeusikia hadi harufu."

Alikopa matimba. Akakopa kwa mwenye pampu. Akakopa chakula kwa mama aliyewapikia wachimbaji. Kisha akakopa kwa mtu wa riba hapa mjini ili awalipe hao, akamwachia hati ya nyumba yetu. Akawa anafukia shimo moja kwa udongo wa shimo jingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nami methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, nikidhani ni maneno ya kujibia mtihani.

Wadai walipoanza kuja, yeye alijificha chumbani. Mimi nilitoka kusema amekwenda bandari kavu ya Isaka kupakia mizigo. Hata watoto walijifunza kusema hivyo. Muuza matimba alikuwa mtu wa utani, akaniambia siku moja, "Mama Kulwa, makontena ya Kongo yote yameshaondoka Isaka. Mumeo tu ndiye bado anapakiwa?" Majirani wakacheka. Nikafunga mlango. Ndani, Baba Kulwa alikuwa amekaa kitandani na viatu mkononi, hakuvivaa asije akasikika.

Baba mkwe alizisikia habari, akaja. Alikuwa mzee wa ng'ombe, hakusoma, na hakupenda maneno mengi. Alimwambia mwanawe, "Waite wote siku moja. Wakae hapa uani. Waambie sina, nilicho nacho ni hiki, tugawane."

"Baba, unataka nitangaze nimefilisika? Ngokolo nzima inicheke?"

"Watakucheka wiki hii. Wiki ijayo watamcheka mwingine."

"Mwamba uko karibu, baba."

"Na wewe uko karibu na nini?"

Mzee akanigeukia mimi. "Mayu," yaani mama kwa kilugha chetu, "na wewe unasemaje?" Nikainama nikaendelea kuchambua mchele. Sikutaka nyumba iuzwe. Niliona aibu kuliko nilivyoona hatari. Mzee akanywa maji, akaaga, akaondoka.

Mvua zilipokuja, wenzake walikataa kushuka. Matimba yalikuwa yameoza, na hakuna aliyekubali kumkopesha mengine. Asubuhi ile wadai wawili walimfuata mpaka mdomoni mwa duara. Mwenzake mmoja ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema Baba Kulwa aliwaona wanakuja, akashika kamba akaanza kushuka. Mwenzake akampigia kelele, "Kaka, panda, ukuta umelowa!" Akajibu kutoka chini, "Huku hawafiki."

Ukuta ukaanguka.

Basi wale waliosimama msibani ndio hao wote aliowakopa. Tuliporudi kutoka makaburini, baba mkwe aliwaomba wabaki. Walikaa kwenye mikeka, wakala ugali wa msiba, wakaongea kwa sauti ya chini kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Mama aliyewapikia wachimbaji alisema, "Mimi namsamehe. Alikuwa akila kwangu hasahau kuisifia mboga." Muuza matimba alipunguza nusu, hakuwa na utani tena. Mwenye pampu akasema atasubiri mavuno. Mtu wa riba alisitasita, kisha akaondoa riba, akakubali tuiuze nyumba wenyewe kwa bei ya kueleweka, tusubiriwe badala ya kupigiwa mnada. Sahani hazijaoshwa, mambo yalikuwa yamekwisha.

Baba mkwe alibaki ameshika fimbo yake. Akaniambia, "Mayu, kikao hiki ndicho nilichokiomba. Sikuomba kije na jeneza."

Nimezeeka na neno hilo. Mwanangu, ile nyumba iliuzwa. Hata angeita kikao akiwa hai, ingeuzwa vilevile. Tungehamia chumba cha kupanga vilevile, na watu wangecheka vilevile. Tofauti ingekuwa mtu mmoja.

Siku hizi mnakopa kwenye simu, na mikopo mnaiita kausha damu, mnacheka. Mkichelewa, ujumbe wa kuwaaibisha unatumwa hadi kwa wakwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na deni ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nasema wazi. Ukiona unakopa ili ulipe mkopo, simama siku hiyo hiyo, usingoje mwamba. Mwambie mwenzako wa ndani. Waendee wadai kabla hawajakufuata, waombe wapange upya marejesho, na mtakachokubaliana kiandikwe mbele ya mashahidi. Cha kuuza kiuze mwenyewe, maana mnada haujui thamani ya jasho lako. Usimwachie mkopeshaji kadi yako ya benki kama rehani.

Ikishindikana kabisa, mtafute msaidizi wa kisheria. Mimi niliambiwa nikiwa tayari mjane kwamba mtu anaweza kwenda mahakamani mwenyewe kuomba atangazwe kuwa amefilisika. Mali yake inakusanywa, wadai wanagawiwa kwa utaratibu, hakuna anayekuja tena kuvuta kivyake. Si njia nyepesi. Jina lako linatangazwa, na mali yako unaiachia mikononi mwa wengine mpaka mahakama ikufungulie. Lakini ni njia ya mtu aliye hai. Na deni si wizi. Mdai akikutishia jela, kumbuka yeye si hakimu.

Kama mwamba ulikuwepo kweli, sijui. Hakuna aliyelichimba tena lile duara.

Mungu akupe kinywa cha kusema "sina" ungali unapumua, akupe wadai wenye masikio, na mtu wa ndani asiyeinamia mchele unapozama. Uishi, mwanangu. Hata bila nyumba, uishi.