Dole Gumba Mbele ya Msumeno

Ulikuwa mwaka ule isyo, pure ya kwetu, ilipikwa bila maharagwe. Mahindi matupu ya njano, ya msaada, yanachemka tangu asubuhi na bado yanagonga meno, na sisi tukaendelea kuyaita isyo, kwa maana hatungekosa chakula na tukose pia jina lake. Kwa hivyo mtu akiniuliza ni mwaka gani nilimnyang'anya mume wangu kazi yake, namjibu kwa tumbo. Shule niliacha darasa la tatu. Tarehe sina.

Mume wangu alikuwa mchongaji kabla hajanioa. Twiga, vifaru, vichwa vya wazee, vyote kwa tezo. Watalii walipopungua akauza ng'ombe wawili, akanunua msumeno wa stima kwa fundi wa vitanda pale Kyumbi aliyekuwa anafunga karakana. Si ule wa kuvuta kwa mkono. Huu ni ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, umezungushwa kwenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na unashuka kupitia katikati ya meza. Wewe unasukuma mbao, ukanda unakula. Kwa huo akaanza kutengeneza visanduku vya urembo.

Hata mimi nilijua kuvitengeneza, yeye ndiye alinifundisha. Unachukua kipande kimoja cha jakaranda kilichokauka, unakikata umbo la nje, kama figo au kama jani. Halafu unakata mgongo wake, mwembamba kama kipande cha mkate, unauweka kando. Sasa unaingia ndani na msumeno, unazungusha, unatoa droo. Mwisho unarudisha ule mgongo kwa gundi, na mistari ya mti inakutana tena kama hakuna aliyepita hapo. Droo zangu zilifunga. Zake zilifunga na kupuliza hewa, puu, kama mtu anayepoza chai.

Halafu macho yake yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akipasuliwa ataona. Mzee wangu akarudi nyumbani akasema hakuna mtu atamtia kisu kwa jicho. Mtu wa kusimama kutwa mbele ya meno ya chuma, anaogopa kisu kidogo cha hospitali. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, sikujua.

Sikujua hivi: mchongaji wa kwetu anatazama kwa dole gumba. Dole linatangulia, linauliza mti umefika wapi, ndipo anapiga. Kwa tezo hakuna ubaya, tezo inangoja. Ukanda haungoji mtu. Alipoacha kuona mstari wa penseli, mkono wake ukarudia kazi yake ya zamani. Dole likalala juu ya mstari, na mstari unaelekea kwa meno.

Nilijua siku niliyokuwa napiga droo moja msasa, nikaona doa la kahawia ndani, pembeni. Jakaranda haina rangi hiyo. Wakati wa chai nikamshika mkono kabla hajauficha. Dole limechanwa ubavu mzima, na yeye amelijaza gundi na unga wa mbao, vile wanavyoziba ufa kwenye kinyago. Nikamuuliza kama anadhani yeye ni mti. Akasema limeshika, liko sawa, nimwachie mkono wake anywe chai.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mmoja Msomali, mwenye duka la vitambaa mjini. Alitaka visanduku vya kuwekea ubani, vya arusi ya binti yake, na alitaka vile vya mzee, vinavyopuliza. Mume wangu alifurahi akasahau kuketi.

Kesho yake asubuhi niliingia karakana kabla yake. Nikalegeza gurudumu la juu, nikatoa ukanda, nikaukunja mizunguko mitatu kama alivyonionyesha mwenyewe, nikaufunga kwa gunia. Nikauweka kwa kiti, na nikaukalia.

Akaja. Akapapasa meza, akapapasa gurudumu, akaguna. Akauliza kama tumeibiwa.

"Hatujaibiwa," nikamwambia. "Nimeukalia."

Kwenye kibanda cha jirani tezo zilinyamaza zote pamoja. Wachongaji wenzake. Mmoja akasema kwa sauti, mzee, tunasikia siku hizi kwako kuna meneja. Wakacheka.

"Umekuwa fundi kunishinda?" akaniuliza.

"Kwa macho, ndiyo."

Nikamwambia aende apasuliwe kwanza. Mpaka apone, mimi nitakata, yeye atalainisha droo na kuzipima, kwa maana vidole vyake bado vinaona kuliko macho ya watu wengi. Akasema hatasugua kazi ya mtu mwingine kwenye karakana yake. Akaniita mwizi. Akasema hata mama yake hakuwahi kumwaibisha mbele ya wanaume wenzake.

"Sikupi," nikasema. "Kasirika, lakini sikupi."

Akaketi juu ya gogo, tukatazamana, ingawa yeye sijui alikuwa anaona nini. Kule kwa jirani tezo zikaanza tena, moja moja. Meno yalikuwa yanapenya gunia, mguu mmoja umekufa ganzi, na sikuthubutu kujisogeza. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Dole lile bovu lilikuwa linafuata mshono wa suruali, polepole, lenyewe, yeye hana habari.

Halafu akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, jirani asisikie:

"Mama watoto. Nisipokata, mimi ni nani hapa?"

Majibu nilikuwa nayo. Baba wa watu sita. Babu wa wajukuu ambao hakuna boma hapa Machakos lina wengine kama hao. Lakini hakuwa ameniuliza hayo.

"Kimoja tu," akasema. "Ushike mbao mwenyewe, mimi nisukume."

Mdomo wangu ulikuwa karibu kusema "haya".

"Sikupi. Kasirika, lakini sikupi."